Ukuta Ule Msiupake Chokaa

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, aliyenipa pumzi na ambaye sasa anaichukua kidogo kidogo. Karibuni wanangu. Mkubwa, kaa hapa kichwani, wewe ndiye wa mwanzo na maneno mengi ya leo ni yako. Kidawa, niinulie mto. Na wewe Mjaka, najua umekuja mbio, umewaacha watoto wa chuo wakidurusu Kurani peke yao, lakini sitakuweka sana, maana pumzi yenyewe haitoshi. Dirisha liacheni wazi. Nnataka kuwasikia wakisoma, na sauti ya mjukuu wangu Shemsa nnaijua hata ikichanganyika na za watoto wa mtaa mzima.

Sikilizeni wanangu. Mimi Msabah bin Matar, msimamizi wa msikiti wetu na wakfu wake tangu alipofariki baba yangu, nnaogopa. Siogopi kufa, chumvi nshaila ya kutosha na kifo ni haki. Nnaogopa ukuta. Ule wa upande wa chuo, tunaochangia na nyumba kubwa ya jirani, ndio unaonikosesha usingizi masika yote, na tone la kwanza likigonga bati la uwani moyo unanienda mbio kama wa mwizi.

Mali yangu haina maneno mengi. Nyumba hii na minazi ya Chwaka mgawane kwa sharia, na Kidawa asidhulumiwe hata shina moja kwa kuwa ni mwanamke na ana aibu ya kudai. Deni la mtu sina. Funguo za msikiti mpeni Mjaka. Hayo yamekwisha, sasa niacheni niseme lililonikaa kooni.

Mnamjua Bwana Feruzi, mzee wa kanisa lile dogo la Ng'ambo, niliyefanya naye kazi bandarini, tukipakia karafuu bega kwa bega, yeye na Jumapili yake na mimi na Ijumaa yangu, na hatukuwahi kukosana. Yeye ndiye aliyenifundisha bima ni kitu gani. Baada ya mwaka ule wa bunduki na moto, mnaujua mwaka gani, wazee wa kanisa lao walikaa wakaulizana wakate bima ya nini, na kwa kuwa kila mtu alikuwa bado anaota moto, wakakata bima ya moto. Moto haukuja. Ilikuja mvua, ukuta wa ukumbi ukalala juu ya akina mama waliokuwa wakipika chakula cha sikukuu, na mmoja wao, mama mtu mzima, mguu ukavunjika mahali pawili. Karani wa bima alikuja kwa adabu, akawasomea: moto, radi, basi. Hakuwadhulumu, ndicho walichokitaka wenyewe. Feruzi alinisimulia huku analia, akaniambia, "Msabah ndugu yangu, tulikata bima ya kile tulichokiogopa, hatukukata ya kile kilichokuwa kinatujia." Maneno yale yalinishika tangu siku ile na hayajaniacha.

Ndiyo maana nikaipeleka habari ya bima kwenye kamati yetu, na mnajua ilivyotupasua. Sheikh Nahodha akasema bima ni kamari na ni kukosa kumtegemea Mungu, akainuka akaondoka, na tangu siku ile salamu yetu ni ya mdomoni tu. Sikumchukia. Mimi si mwanachuoni, sikumjibu ila nilimkumbusha yule bedui aliyeambiwa na Mtume amfunge kwanza ngamia wake kisha ndio atawakali kwa Mungu, na yeye akaona nnamfundisha kazi yake. Nendeni mkamtake radhi kwa niaba yangu. Kama hataki kutia mkono wake kwenye bima, asilazimishwe, ana hoja yake na Mungu ndiye ajuaye. Lakini kuwatoa watoto chini ya ukuta mbovu hakuna sheikh atakayesema ni haramu, na hapo hata yeye atakuwa upande wangu.

Sasa nnateremsha sauti, sogeeni. Ile nyumba ya jirani, tangu mwenyewe akimbie mwaka ule, dari ya juu haijapandwa na mtu. Ni ya Serikali sasa. Mlizamu wa kumwaga maji ya dari umezibwa na majani na viota vya njiwa, na maji yote ya mvua yanashuka ndani ya ukuta. Kuta zetu za mawe na chokaa hazijui moto, zinajua maji. Zinayanywa kimyakimya mwaka hata mwaka, na zikishashiba zinalala. Kila mtu wa mtaa analijua hilo na hakuna anayelisema. Nani atakwenda kusema nyumba ya Serikali mbovu? Yule jirani yetu aliyenung'unika kwenye foleni ya mchele aliitwa mara moja tu, na baraza yake mpaka leo haina wa kuikalia. Kwa hiyo siwalaumu watu. Nami nnaogopa kama wao.

Na kwa kuwa tunaogopa kusema, tunapaka chokaa. Mila nzuri ile, nami nimeipenda tangu utoto: kabla ya Ramadhani, na tena mfungo sita kabla ya maulidi, mtaa mzima hutoka, wanaume na ndoo, wanawake na chai na maandazi, mpaka msikiti ukang'ara na wapita njia wakasema mashaallah. Lakini ufa unapakwa pamoja na ukuta. Miezi miwili mitatu unatoka tena, na kila ukitoka umenenepa. Mfungo sita wa mwaka juzi ufa ulikuwa unaingia ukucha. Kabla sijaanguka kitandani hapa nilitia kidole changu cha shahada, kikazama mpaka pingili ya pili, na ncha yake ikakuta maji baridi. Nilikichomoa kidole kile nikakificha ndani ya kanzu, mtu mzima mimi, mbele ya watoto wanaosoma juzuu.

Mkubwa, pipa la chokaa ulilolileta ukumbini harufu yake nimeipata tangu jana. Mkaguzi wa bima anakuja Jumatatu, na wewe unataka akute ukuta mweupe, aridhike, atupe bima ya moto upesi, mambo yaishe na jina la nyumba ya jirani lisitajwe. Usiinamishe kichwa, mwanangu. Unafanya kazi ofisi ya Serikali, una watoto, unaogopa, na hofu yako ina haki yake. Lakini ukuta ule msiupake chokaa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na kuziba si kupaka.

Tena bima si hirizi. Nimewaona wanakamati wanavyoitaja, kama kwamba ukishaivaa shingoni hupatwi na jambo. Bima haizuii jiwe kuanguka. Ni ahadi ya kusaidiwa baada ya msiba, na ahadi yenyewe imesimama juu ya ukweli ulioutoa siku ya kwanza. Ukiuficha ufa Jumatatu, siku ukuta utakapolala watakuuliza mbona hukutwambia, na utakuwa huna bima, huna ukuta, na una maiti. Mwonyesheni. Mpeni mkono mkaguzi, mpelekeni mpaka kwenye ufa, mwambieni atie kidole chake mwenyewe.

Kodi ya maduka ya wakfu inatosha bima moja, haitoshi mbili, kwa hiyo chagueni vizuri. Msiikate ya moto. Msiikate hata ya jengo. Msikiti ukianguka waja wa Mungu wataujenga, kama ulivyojengwa na watu waliokuwa maskini kuliko sisi. Ikateni ile ya watu, ya mtu yeyote atakayeumia ndani ya msikiti au chuoni, awe muumini au mpita njia aliyekuja kunywa maji, atibiwe na wanaomtegemea wasilale njaa. Mtoto akivunjika hana fundi wa kumjenga upya. Na kama mkaguzi atakataa, akasema hatuwapi bima yoyote mpaka ukuta huu utengenezwe, msisikitike. Mwombeni ayatie hayo katika taarifa yake. Yeye ni mtu wa Serikali vilevile, na neno tunaloogopa kulisema sisi litakuwa limesemwa na mwenzao, kwa mdomo wa kazi.

Nipe maji, Kidawa. Kidogo. Basi.

Hiyo nini? Ile inayogonga bati. Usinambie ni manyunyu, Mjaka, nnajua mvua ya masika inavyoanza, inaanza kwa adabu hivyohivyo. Mbona siwasikii watoto? Walikuwa wakisoma sasa hivi. Nyamazeni wote... Siwasikii. Mjaka, inuka. Usinijibu naam ukakaa. Inuka uende ukawatoe wote, usiwaambie wakusanye majamvi, usiwaambie wapange viatu, watoke miguu mitupu waje humu ndani. Radhi yako utaikuta, nshaiweka. Kimbia, baba.

Kidawa, usilie, atamleta Shemsa. Nishike mkono. Wacha nimalize wakati ninao, maana nikinyamaza nitasikiliza mvua tu, na nikisikiliza mvua nitakufa kabla ya wakati wangu.

Mkubwa, hili ni lako. Nikifa, mtaa mzima utakuja, wa Malindi na wa Mkokotoni watakuja, na hawatatosha msikitini, watajaa mpaka chuoni, safu kwa safu chini ya ukuta ule, kunisalia mimi. Sitaki. Jeneza langu lisiingie msikiti wetu. Nimeufagia, nimezitia mafuta taa zake, nimeusimamia tangu ndevu zangu nyeusi, na moyo unaniuma kusema hivi, lakini nipitisheni mlangoni mwake bila ya kuniingiza. Nisalieni uwanjani, kukiwa jua, kukiwa mvua, na Sheikh Nahodha awe imamu, kama atakubali. Kisha mnizike Mwanakwerekwe kwa mama yenu.

Watu watauliza. Vipi, mtu aliyekulia na kuzeekea msikitini, leo anapitishwa mlangoni haingizwi? Hapo ndipo utakaposema, Mkubwa, tena kwa sauti, watu wote wasikie: ameusia baba, kwa sababu ukuta wa chuo una ufa na utaanguka. Usiongeze lako. Akija mtu baadaye kukuuliza ni nani aliyesema nyumba ya Serikali mbovu, mwambie ni Msabah bin Matar, anakaa Mwanakwerekwe, nenda kamuulize. Nyinyi mlio hai wanaweza kukuiteni. Mimi hawaniiti. Ndio maana nimelichukua neno hili liwe langu, mimi ninayeondoka, msilibebe nyinyi.

Nani hao? Mlango huo. Ndio wenyewe, watu wa Serikali? Kidawa, wanaume wale... ah, watoto. Alhamdulillahi. Waingizeni, waingizeni wote, msijali tope. Shemsa yuko wapi? Njoo, mama, uso wako umerowa. Kaa hapa kitandani, juu ya miguu yangu, sina maumivu. Mjaka, umewahesabu? Wahesabu tena.

Na ukuta? Sikilizeni... Umesimama. Naam. Umesimama, nnasikia maji yanaupiga na umesimama. Sasa nnajua mtakalosema. Mtasema mzee alitishika, homa ilimpanda, ametuletea watoto na tope nyumbani bure. Kesho jua litatoka, mtapita pale, mtauona umesimama. Keshokutwa umesimama. Mtaanza kuwahurumia watoto kubanana ukumbini kwetu, na mtu mmoja mwema atasema, mbona haujaanguka. Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko mvua yenyewe, wanangu. Si kwamba utaanguka leo, ni kwamba hautaanguka leo.

Someeni humu. Chuo kiwe hapa ukumbini, na pipa lile la chokaa litoeni, lipewe mwenye kulihitaji. Nimekuridhieni nyote watatu, radhi ya mzazi isiyo na kinyongo, duniani na akhera. Mola akupeni riziki ya halali, na mpendane, na hofu yenu aifanye ikuongozeni, isikufungeni midomo. Mkubwa... sogeza sikio, sauti inakwenda. Nilikuwa nakukaripia sana ulipokuwa mdogo. Wewe ndiye niliyekutegemea.

Shemsa, soma. Pale mlipofika. Wote someni, nikusikieni, hapa, karibu hivi... Mvua bado? Bado. Someni tu.

Mjaka... mkiona umesimama... hata mwaka... msiwarudishe.