Bi Nakala na Michoro Isiyowahi Kuwa Karatasi

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Idara ya Kumbukumbu za Majengo inamuaga mhifadhi wake mkuu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi. Kwenye karatasi ya mshahara ana jina lake kamili. Sisi wa ghorofa ya pili tunamwita Bi Nakala, naye huitika.

Aliingia akiwa karani wa chumba cha ramani. Kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga droo pana zenye michoro ya majengo ya kale, na kupigana na mende. Mwaka wake wa sita, diski zikaanza kuletwa. Wasanifu walikuwa wameweka penseli chini na kuhamia kwenye kompyuta, na mchoro uliozaliwa humo haukuwa na karatasi ya kukimbilia ukipotea.

Na ulipotea. Diski yenye michoro ya ukarabati wa shule moja kongwe aliiacha mezani kando ya spika ya redio, sumaku ikaifuta yote. Hakusingizia umeme wala mtu. Alipanda mwenyewe hadi kwa mkuu wa idara akasema, "Mzee, nimepoteza shule." Mkuu akadhani mtoto wa karani wake amekosa nafasi ya masomo, akaanza kumpa pole. Alipoelewa, hakumfukuza, alimtaka ahakikishe hayajirudii. Tangu hapo kila faili hukaa mahali patatu, na kila mgeni wa ofisi ataambiwa kabla hajapewa kiti: "Nakala moja ni sawa na hakuna."

Mtunza ghala alimjua kwa ubishi. Kila mwaka alikuja kuchukua kompyuta chakavu ziuzwe, na kila mwaka alimkuta Bi Nakala amesimama mbele ya moja kuukuu, yenye tundu la diski na karatasi iliyobandikwa: MGONJWA. USIGUSE.

"Huyu mgonjwa hapati nafuu?" mtunza ghala akauliza.

"Anapumzika," Bi Nakala akajibu. "Na wewe usimharakishie mazishi."

Miaka tisa iliyopita ndipo tulipojua alichokuwa akikilinda. Ufa ulitokea kwenye boriti inayobeba roshani ya ukumbi wa zamani wa maonyesho. Ukumbi ulikarabatiwa na msanifu mmoja aliyechorea kila kitu kwenye kompyuta, naye alikuwa ameshafariki. Wahandisi hawakujua ndani ya boriti mna nini. Walitoa wiki tatu: mchoro upatikane, la sivyo jengo libomolewe.

Siku ya tano akaja ofisini binti wa marehemu, fundi cherehani aliyesikia habari hizo, na kopo la biskuti lenye diski kumi na moja.

"Shikamoo mama. Hizi nilitaka kuzitupa, ila nafsi ikanisuta."

"Marahaba mwanangu. Ungetupa jumba zima."

Diski mbili zilikuwa na ukungu. Bi Nakala alizisafisha kwa pamba na spiriti, taratibu kama anayemwosha mtoto mchanga. Kompyuta mpya zote zilizikataa faili zile. Mgonjwa akawashwa, akakohoa, akazifungua. Faili za ukumbi zilikuwa nne: "mwisho", "mwisho kabisa", "mwisho wa mwisho" na "huu ndio". Binti akacheka hadi machozi. "Ndiye baba huyo! Hata akiaga mlangoni aliaga mara nne."

Wahandisi wakataka kuchukua "huu ndio". Humo boriti ilikuwa ya zege tupu, na hukumu yake ingekuwa kubomoa. Bi Nakala akagoma. "Jina la faili si ushahidi," alisema. "Twendeni tukaliulize jengo." Akavaa kofia ngumu, akaingia ukumbini na mhandisi mmoja, akahesabu ngazi za nyuma ya jukwaa. "Huu ndio" ulionyesha kumi na sita. Yeye alipata kumi na nne. Akarudia, kumi na nne. Ni mchoro mmoja tu uliokuwa na ngazi kumi na nne, "mwisho kabisa", na ndani ya boriti yake mlichorwa mhimili wa chuma wa mita tisa.

Wahandisi wakatoboa tundu dogo pale pale mchoro ulipoonyesha. Keekee ikagota chuma. Chuma ndicho kilichobeba roshani, ufa ulikuwa wa lipu tu. Mhandisi akapiga kelele kama mshabiki wa mpira. Bi Nakala akakaa kwenye ngazi alizozihesabu, akalia kwa furaha, kofia ikimfunika hadi nyusi.

Leo ukumbi unatumika. Idara ina michoro elfu arobaini na moja inayofunguka, na wahifadhi sita aliowafunza kwa mkono wake. Shemeji yetu, mumewe, fundi bomba, analalamika kwa fahari kwamba hata picha zao za harusi zimetunzwa katika nyumba tatu za wakwe.

Kuanzia Jumatatu atakuwa na dada yake mkubwa, muuguzi mstaafu. Wanajifunza kuendesha baiskeli, jambo ambalo wazazi wao waliwakataza. Dada ameshaanguka mara mbili na amekataa kuhurumiwa.

Bi Nakala, asante kwa kututunzia majumba ambayo wengi hawajui kwamba yalikaribia kuanguka. Afya iwe yako, nyumba yako ijae vicheko, na barabara iwe tambarare. Shika breki mapema, dada yetu, na uende unakotaka.