Kona ya Nne ya Mama Pipi

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliokuja kutushika mkono, familia imenituma mimi, mke wa mwana wa kwanza wa marehemu, niwasomee maisha ya mama yetu, kwa kuwa mume wangu alijaribu jana akakwama kwenye tarehe ya kuzaliwa, nami nimeishia darasa la saba, kwa hiyo nikikosea mnivumilie, maana bado hatuamini kwamba Jumanne hii asubuhi alikuwa anapiga pasi gauni lake la bluu, huku akinitania kuwa uji wangu ni mzito, unafaa kuzibia nyufa za ukuta.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, akiwa mtoto wa pili wa fundi seremala, alianza shule ya msingi mwaka 1969 akamaliza mwaka 1975, na mwaka huohuo baba yake alifariki, wakaja wakubwa wa ukoo wakamwambia mama yake kwamba shamba ni la wanaume, na kwa kuwa hakuna jirani aliyethubutu kusema mpaka ulipita wapi, mama na watoto wakatoka pale, cherehani ikiwa kichwani. Hayo alitusimulia mara moja tu, akikata uzi kwa meno, wala hakuyarudia.

Kwa cherehani hiyohiyo alijifunza ufundi, akashona sare za shule katika kibaraza cha nyuma ya soko, na wengi mlio hapa mlivaa kaptula zake, mnajua alikuwa na tabia ya kuacha pindo refu bila kuombwa, ili mtoto akirefuka mzazi asihangaike.

Alifunga ndoa tarehe 6 Septemba 1982 na baba mkwe wangu, fundi bomba, wakajaliwa watoto watatu, mume wangu mwaka 1984, wifi yangu mwaka 1988 na mdogo wao mwaka 1993. Baba alipotutoka mwaka 2009 mama alibaki katika kiwanja hiki mlichokaa, na wifi yangu alipoachika akarudi na wanawe, mama hakumuuliza neno, alihamishia cherehani sebuleni akampa chumba.

Mwaka 2011 alichaguliwa kuingia kamati ya ardhi, na huko ndiko alikopata jina la Mama Pipi, maana kamati ilipokwenda kupima kiwanja cha mtu yeye hakukubali waanze mpaka majirani wa pande zote wafike, na wake zao, na wajane, na mzee asiyeweza kutembea abebwe na kiti chake, halafu watoto wa nyumba zinazopakana walisimamishwa kwenye kila kona wakapewa pipi, naye mama akisema, "Karatasi inaungua, lakini huyu niliyempa pipi hapa, hata akiota mvi atawaonyesha." Mpima ardhi, ambaye yuko nasi, alimuuliza siku ya kwanza, "Mama, hii ni kazi au sherehe?" naye akamjibu, "Chukua ya kwako, mwanangu, kisha upime." Na mwanamume aliyetaka hati iandikwe jina lake peke yake, mama alimtazama mkewe, akauliza tu, "Na huyu anayelala humo ni mgeni wenu?"

Wengi mna hati zenu kwa sababu yake, ila kiwanja chake mwenyewe kilibaki, kila zamu yetu ilipokaribia alimpisha mwingine, "Tangulieni, sisi tunajuana," na ukweli ni kwamba hatukuwa tunajuana, kwa sababu kona ya nne, ile yenye tangi la maji, kaka mkubwa wa baba mkwe, ambaye wanangu wanamwita Babu, alisema ni yake na akakataa kuja kusimama, na bila yeye mpaka haufungwi, na mpaka usipofungwa hakuna hati, wala wifi yangu na watoto wetu hawana mahali pa kusema hapa ni petu.

Sehemu hii ya historia huwa inaeleza marehemu aliugua lini, lakini mama hakuugua. Siku ya Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, Babu alikubali kuja, tukatembea kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, watoto wakimumunya pipi, Babu akifuata nyuma amekunja mikono, na tulipogeukia kwenye tangi akasema kwa sauti, "Hapo sasa ndipo tutakapojuana," mama akacheka, "Shemeji, leo hata wewe utalamba pipi," akatia mkono mfukoni, akaanguka. Nilidhani amejikwaa, nikawa nasema pole mama, pole, kama mtu anayemwinua mtoto, na aliyewahi kukidaka kichwa chake kisiguse ardhi alikuwa Babu.

Hospitali walituambia moyo ulikuwa umesimama kabla hatujafika.

Jana mchana, vijana wakipanga viti, Babu alikwenda peke yake akasimama upande wa nje wa tangi, akiliacha ndani ya kiwanja chetu, akalipigapiga kwa kiganja, akamwita mpima ardhi, akawaita watoto wote, akaniambia, "Mkwe wangu, zile pipi ziko wapi?" Nikaleta mfuko, nikawagawia, na nilipogeuka kuondoka nikamwona bado amenyoosha mkono. "Na mimi nipe," akasema. "Nisije nikasahau."

Tunamshukuru dereva wa lori aliyemwaga mchanga wa watu barabarani ili ampakie mama yetu, daktari aliyekaa chini kwenye benchi letu ndipo akatupa habari, muuguzi aliyeukunjua mkono wa mama, akaikuta pipi, hakuitupa, aliifuta akanikabidhi kwa mikono miwili, wanakamati wenzake, na jirani anayemnyonyesha mwanangu saa hii ninaposoma.

Mama, kona zote nne zimesimamiwa, gauni la bluu tumekuvalisha, pindo lake hatukuligusa. Umewapisha wengi, sasa hakuna tena wa kumpisha, ingia upumzike kwa amani.