Gari la Kimarekani Lililolazwa Ubavu

Ndugu zangu wa Kasese, Bwana apewe sifa zake! Wa mbele wameitikia, wa nyuma bado wanatafuta viti. Bwana apewe sifa zake! Amina. Sasa nimewasikia.

Mimi naitwa Masereka, fundi wa magari. Kwetu ni Nyakiyumbu na gereji yangu iko Bwera, nyuma ya kanisa. Wengi wenu mmeshaliona gari nililokuja nalo asubuhi hii, maana niliona jinsi mlivyoacha kwaya ikiimba peke yake mkatoka kuchungulia. Siwalaumu. Hata mimi niliyeliegesha nilirudi kuliangalia tena. Lakini sikuja kuwaonyesha gari. Nimekuja kusema Mungu alinifanyia nini kwa gari lile, na mpaka leo nikisimulia mwili unanisisimka.

Zamani nilikuwa fundi wa kulala chini. Pale Bwera hatuna shimo la kusimamia wala mashine ya kuinua gari. Tunapiga jeki, tunatandika gunia, tunaingia kwa mgongo. Malori yote yaliyokuwa yakivuka mpaka wa Mpondwe na maharage na kahawa, mimi niliyajua kwa matumbo yao. Siku moja ya soko mvua ilikuwa imenyesha na dereva ana haraka. Jeki ikazama kwenye tope, ikateleza, lori likanishukia. Ekseli ilinifikia kifuani ikasimama hapo hapo, kwa sababu tairi la spea lilikuwa limelala kando yangu likalizuia. Sikuvunjika hata mfupa. Lakini pumzi haiingii, na nasikia watu wakikimbia kutafuta magogo. Nilichoona ni miguu yao tu. Miguu mingi, na hakuna uso hata mmoja.

Walinitoa. Mwili ukapona upesi, hofu ikabaki. Kichwa changu kikipita chini ya bampa, koo linafunga, mikono inakufa ganzi, nachomoka hapo natetemeka mwili mzima. Na fundi asiyeingia chini ya gari ni fundi gani, ndugu zangu? Nikawa fundi wa boneti. Nabadilisha plagi, najaza maji kwenye redieta, napiga honi kuhakikisha inalia. Mke wangu Biira akaanza kuuza samaki wakavu sokoni Mpondwe ili watoto wale. Hakulalamika hata siku moja, na mimi nilitamani alalamike.

Kisha akaja afande mmoja na pikapu ya kambini, askari wake wamekaa nyuma.

"Fundi! Gia boksi iko inalia. Ingia chini, angalia!"

"Afande, ngoja kidogo mwenzangu arudi."

"Mwenzako nani? Mimi nasema wewe! Lala chini! Haraka!"

Nikalala. Nikaingiza kichwa. Ndugu zangu, nilitoka pale nalia kwa sauti, mbele ya askari, mbele ya mama wa chapati, mbele ya watu wote wa stendi. Yule afande akavua kofia, akaniambia pole. Ile pole iliniuma kuliko kama angenizaba kofi.

Niliombewa! Msidhani sikuombewa. Nilifunga, niliwekewa mikono, nilipakwa mafuta. Kila nikitoka kwenye maombi nakimbilia gereji kujaribu, na kila nikijaribu koo linafunga vilevile. Wengine wakasema imani yangu ni ndogo. Wengine wakasema nimerogwa, niende mlimani kwa waganga. Sikwenda mlimani, lakini nawaambia ukweli, nilimkasirikia Mungu. Nilimwambia, kama uliniokoa kwenye lori, mbona uliniokoa nusu?

Ndipo akaja Mzee Baluku. Simama Mzee wakuone. Huyu ni mfanyabiashara wa chumvi wa Kabatoro. Ujanani alikuwa dereva wa mzungu mmoja, mhandisi kwenye mgodi wa shaba kule Kilembe. Mzungu yule aliagiza gari kutoka Marekani, lile la milango miwili, boneti ndefu kama meza ya arusi, injini ya silinda nane. Wamarekani walilitengeneza kwa ajili ya mbio na kujionyesha. Nchi ilipochafuka mzungu aliondoka kwa haraka, akamwachia Mzee ufunguo, akamwambia gari ni lako. Mzee akaogopa wenye bunduki wa wakati ule wasilichukue, akalificha ndani ya ghala lake la chumvi.

Sasa sikilizeni akili ya watu wa Kabatoro! Mzee wetu huyu alikaa akafikiri, gari likikaa muda mrefu linaoza. Na samaki wa Hamukungu tunamzuiaje asioze? Chumvi! Basi akapanga mabamba ya chumvi chini ya gari, akajaza chumvi kwenye buti, akamwaga nyingine sakafuni penye miguu. Kila mwaka anaongeza mpya, kwa upendo. Nilipomuuliza akanijibu bila wasiwasi, "Samaki iko na mwili, gari nayo iko na mwili." Cheka Mzee, cheka, tumekusamehe.

Miaka ikapita, na hamu ikamshika ya kuliendesha tena kabla miguu haijamshinda. Mafundi waliokwenda kuliona waliangalia injini tu, wakamwambia tuitoe hii tuweke ya Kijapani. Mzee akakataa. Mpwa wake wa Kampala alikuwa ametafuta kwenye simu akaambiwa kwamba magari ya aina ile, yenye injini ile, yaliyobaki duniani ni machache sana. Basi Mzee akafunga safari mpaka Bwera kunitafuta mimi. Nikamuuliza kwa nini mimi, fundi wa boneti.

Akasema, "Wanasema wewe unaogopa gari. Mi nataka mutu mwenye anaogopa gari yangu."

Tulilileta Bwera juu ya lori. Siku tulipoliosha, ndugu zangu, nilikaa chini. Ile chumvi ilipotoka na maji, ikaonekana rangi ya kijani iliyoiva, kama mgomba baada ya mvua. Taa zake zimezama ndani, unadhani limefumba macho. Nilifungua boneti nikaona injini pana kuliko kitanda cha mtoto. Nimezoea magari tangu ujana wangu, lakini mbele ya lile nilivua kofia. Sikujua mkono wa mtu unaweza kutengeneza kitu cha namna ile halafu kikaja kulala kwenye chumvi yetu.

Lakini ilibidi niangalie chini yake. Na mwenzangu Kambale, mchomeleaji kutoka Kasindi, ng'ambo ya mpaka, alikuwa amekwenda Butembo kuzika. Hakuna wa kuingia chini ila mimi. Nilizunguka lile gari kutwa, jeki mkononi. Naichomeka, naichomoa. Biira ananiangalia kutoka mlangoni, anajifanya anapepeta mchele. Mwisho nikaitupa jeki kwenye majani, nikasema kwa sauti, "Bwana, mimi siingii chini. Basi chini ije juu!"

Niliyasema kwa hasira. Lakini nilipoyasema nikakumbuka jinsi tunavyolaza ng'ombe siku ya arusi. Hatumsukumi. Tunamfunga kamba, upande mmoja wanashika, upande wa pili wanalegeza, anashuka polepole mpaka analala ubavu. Nikaenda kuwaita wanaume wa kanisa waliokuwa wakichimba msingi wa nyumba ya mchungaji.

Tulisimamisha miti mitatu ya mkalitusi tukaning'iniza mnyororo, tukaing'oa injini kwanza kutoka juu. Kisha tukatandika vigogo vya migomba, na Biira akaleta godoro la kitanda chetu. Hakuulizwa, alilibeba mwenyewe kichwani. Tukafunga kamba. Wanaume wakaimba wimbo wa Kikonzo wa kuvuta mzigo, na lile gari la Marekani likalegea, likainama, likalala kwenye godoro langu bila mkwaruzo. Tumbo lake lote likaelekea kwetu, juani.

Nikasogea na bisibisi. Nikagusa sakafu, bisibisi ikapita mpaka mpini. Nikagusa kando, ikapita. Nikafika kwenye zile chesisi mbili za katikati, vyuma virefu vinavyobeba gari lote, mahali ambapo sisi mafundi wote wa Bwera na wa Kasese tunaweka jeki bila kufikiri. Ndugu zangu, niliziminya kwa vidole vyangu hivi, zikakatika kama chapati ya jana. Kilichokuwa kimebaki ni kutu na rangi. Chuma kililiwa na chumvi kikaisha, na kutoka nje huwezi kujua.

Kila mmoja alielewa. Ile jeki niliyokuwa naichomeka na kuichomoa ingepasua pale mahali, na gari lingeshuka lote, na safari hii hakukuwa na tairi la spea.

Kambale aliporudi nikamwonyesha. Alishika kile chuma, akakivunja, akakivunja tena. Akaketi juu ya kigogo cha mgomba.

"Masereka, kama uliingia hapa chini, leo tungekuwa ku matanga yako. Na miye ndiye kila siku nilikuwa nakusukuma, nakuambia usiogope. Mungu iko, ndugu yangu. Mungu iko!"

Nilipiga magoti kwenye mafuta na tope. Ile hofu niliyoiombea iondoke, ile niliyomkasirikia Mungu kwa ajili yake, ndiyo iliyokuwa imenishika shati siku ile nisiingie. Wakati mimi nagonga mlango ufunguke, Yeye alikuwa ameuegemea kwa nguvu zake zote. Mungu gani huyu!

Tukaanza kazi. Gari likiwa bado limelala ubavu, Kambale alichomelea chesisi mpya kwa vyuma tulivyonunua kwenye skrepa, na sakafu tukaitengeneza kwa mabati ya mapipa ya mafuta. Tukamaliza ubavu mmoja, tukawaita wanaume wa kanisa, tukaligeuza ubavu wa pili. Pistoni zilikuwa zimegandana. Tulizimiminia dizeli, tukaziacha zinywe, tukazigonga kwa kipande cha mti, tukazimiminia tena, mpaka zikakubali. Kabureta aliifumua Biira kwa vidole vyake vyembamba, akaisafisha kwa mswaki. Nilikata tamaa mara nyingi. Kila nikikata tamaa naenda kukishika kile chuma kilichovunjika, nilichokiweka dirishani, narudi kazini.

Ikafika siku ya kuliwasha. Lilikuwa limesimama kwa miguu yake, injini tumeirudisha mahali pake, tumelivalisha magurudumu ya pikapu kwa sababu ya kwao hayapatikani, kwa hiyo lilikaa juu kidogo. Mzee Baluku akaingia, amevaa koti la harusi yake. Akageuza ufunguo. Likakohoa. Akageuza tena. Ndugu zangu! Ile sauti haikuingia masikioni, iliingia kifuani! Ardhi ililia. Kuku walitoroka wote, mama wa chapati akaacha chapati ziungue, mafundi wa stendi nzima wakaja mbio. Mzee ameshika usukani, machozi yanatiririka, anasema "Yesu, Yesu, Yesu," na injini inamwitikia. Mimi nilikuwa nimeinua mikono kama mtu aliyetekwa. Kitu kilichokufa kabla sijazaliwa kilikuwa kinapumua mbele yangu.

Mara Kambale akapiga kelele, "Mafuta inamwagika! Mafuta ya injini!"

Nikamwambia Mzee azime. Mzee akakataa katakata, anaogopa likizimwa halitawaka tena. Mafuta yanadondoka, sampu, lile bakuli la mafuta chini ya injini, itakauka, injini itajiua papo hapo. Nikaona spana, nikaona gunia, nikaona bolti moja imelegea. Nikaikaza. Ikakubali. Nikaona bolti ya pili nayo imelegea, nikaikaza, huku naimba ule wimbo wa kuvuta mzigo.

Nikamsikia Biira ananiita, "Baba Muhindo! Baba Muhindo, uko wapi?"

Nikajibu, "Niko chini ya gari!"

Ndipo nikasikia nilichosema.

Kambale alikuwa amemzuia Mzee asikanyage pedeli ya mafuta, injini ikashuka ikanguruma taratibu juu ya uso wangu. Nilitazama zile chesisi mpya, nikatazama mikono yangu, haitetemeki. Nilivuta pumzi, ikaingia. Nikavuta nyingine, ikaingia! Pembeni niliona miguu, miguu mingi, kama siku ile. Kisha magoti ya Biira yakashuka kwenye tope, na uso wake ukaja chini kunitafuta. Alilala kwenye tope na gauni lake la kanisani, akaunyoosha mkono mpaka akaushika wangu, na tukakaa hivyo, yeye nje na mimi ndani, tukilia, na Mzee juu yetu haelewi kwa nini hakuna anayemsifia gari lake.

Hakuna aliyeniwekea mikono saa ile. Sikufunga, sikujaribu. Bwana alingoja mpaka mahali pale pawe salama, ndipo akaniondolea hofu bila hata kuniambia. Tangu siku ile naingia chini ya gari lolote, na yule afande alirudi na pikapu yake nikamtengenezea gia boksi. Utukufu kwa Mungu!

Ndugu yangu uliyekaa hapo, umeomba jambo mpaka umechoka, na watu wamekuambia imani yako ni ndogo. Usiwasikilize. Mwambie Bwana ukweli, hata kama ni kwa hasira, na ubaki karibu naye. Hujui amezuia nini mbele yako. Anayetaka tumwombee aje hapa mbele sasa hivi, nami nitapiga magoti pamoja naye.

Nawashukuru wanaume wa kanisa la Bwera, namshukuru Kambale, namshukuru mama Muhindo na godoro lake, ambalo mpaka leo linanuka dizeli. Baada ya ibada tokeni mkalione gari. Mzee Baluku atawafungulia milango mkae ndani. Upande wa chini nitawaonyesha mimi mwenyewe.