Waya wa Mama Ethel na Jumamosi za Newala

Tarehe 30 Juni 2025 Ndugu Cuthbert Namkanda, fundi wa maabara ya fizikia hapa shuleni kwetu Masasi, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja. Alifika na sanduku la bati na bisibisi mbili. Anahamia Lupaso, kwenye mikorosho yake, na sote tunamwita Baba Ethel.

Kazi ya mshahara ilikuwa kutunza vifaa. Kazi ya moyo ilikuwa klabu ya redio ya ridhaa, ambamo watu wenye leseni huzungumza hewani kwa mapenzi tu. Antena za Yagi aliziunda mwenyewe: vijiti vya alumini vilivyopangwa juu ya mwanzi kama miiba ya samaki. Kila moja kwanza huichora kwenye kompyuta, aone itakavyotupa mawimbi, arekebishe nafasi, ndipo akate bomba la alumini. Anayekata kabla ya kuchora, kwake huyo hana adabu.

Yagi iliyosimama nyuma ya nyumba aliyopewa na shule ilielekezwa Newala, kwa Mwalimu Majaliwa, rafiki yake wa tangu chuoni. Majaliwa alianguka kutoka kwenye mkorosho na tangu hapo hatoki kitandani. Kila Jumamosi jioni wawili hawa huongea. Simu Majaliwa anayo. Lakini kwenye simu, husema, kila mtu humuuliza anaendeleaje. Redioni humuuliza anasikikaje.

Antena ile ilifanya vizuri kuliko hesabu za kompyuta. Loo, alivyotamba! Kompyuta, alitangaza, haijafika Masasi. Kisha mkewe, Mama Ethel, akamwazimisha jirani waya wake wa kuanikia nguo, wakafungie turubai la harusi, na Newala ikanyamaza. Baba Ethel alipanda, akashuka, akafungua, akafunga. Waya uliporudi, Majaliwa naye akarudi. Kumbe muda wote waya ule, ukiwa nyuma ya antena, ulikuwa kijiti cha ziada kinachorudisha mawimbi mbele! Aliuingiza kwenye mchoro, hesabu zikakubali, akajicheka mpaka machozi. Tangu siku ile Jumamosi ikawa marufuku kufua, nguo mbichi zisije zikavuruga waya, na Mama Ethel hakuacha kulalamika.

Mwezi huu nyumba ilibidi irudishwe. Antena ikahamishiwa nyuma ya maabara, ikawekewa kijiti kipya badala ya waya, na kila kitu kilipigiwa hesabu. Jumamosi mbili Majaliwa aliwasha redio akasikia mvumo mtupu. Baba Ethel hakula vizuri, na tuliokuwa naye tuliona. Paa la bati la maabara lilikuwa limevuruga kila alichochora.

Jumamosi ya tatu Mama Ethel alifungua waya wake mwenyewe, akaubeba mpaka maabara, akamwambia mumewe aache kubishana na kompyuta. Wakauvuta pamoja, wakausogeza hatua kwa hatua, mpaka sauti ikatoka Newala ikiuliza kama kuna mtu. Baba Ethel alishika maikrofoni, kisha akaisogeza kwa mwenzake. Mwalimu Naima, anayerithi klabu, ndiye aliyemjibu Majaliwa kwamba anasikika vizuri sana.

Waya unabaki hapa. Mama Ethel tumemnunulia kamba ya nailoni, isiyopitisha umeme, ili mumewe asipate kisingizio cha kukataza kufua. Asanteni nyote wawili. Maisha ya Lupaso yawe mema kwenu, mikorosho izae, na nguo zikauke hata Jumamosi. Jioni yake tutakuita hewani, Baba Ethel. Majaliwa atakuwepo; nawe uitike.