Duka la Yasinta Halijafunguliwa Tangu Jumapili

Kijiwe chetu cha Ipagala ni benchi moja tu, mkabala na duka la nguo la Yasinta. Mimi nauza kahawa hapo, mwanangu mgongoni. Yasinta alianza kwa kutembeza mitumba begani, akafungua duka, kisha akaanza kuandaa sherehe: sare, mapambo, viti, kila kitu. Jumamosi iliyopita, kwenye sendofu moja, sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, alichanganya oda. Upande wa bibi harusi na upande wa bwana harusi wote wakavaa zambarau. Wenyeji wakashindwa kuwatambua wakwe, na mama wa bwana harusi akatumwa jikoni kuosha vyombo. Tangu Jumapili duka limefungwa, simu haipatikani. Leo Alhamisi.

— Amekimbilia Dar, alisema Spika, tunayemwita hivyo kwa sababu hujipa kazi ya kuruhusu watu waongee.

— Dar akafanye nini? alisema Luka wa bodaboda. Yuko China. Anatafuta kitambaa kinachobadilika rangi chenyewe. Wakwe wakiingia tu, kijani.

— China na pasi ipi ya kusafiria, wewe?

— Kwani umewahi kumpekua?

Mzee Zablon, mwalimu mstaafu wa Kongwa, akaweka kikombe chini.

— Wabunge wamemchukua. Anawashonea suti za rangi moja, tusijue nani wa chama gani.

— Mzee, shikamoo yako ipo, lakini hapo umezidi, alisema Luka.

— Marahaba. Lakini siku namzika mke wangu, hili koti nani aliniletea? Hata sikumwomba.

Luka akaangalia chini. Mimi nikakumbuka upepo wa Julai, Yasinta akitoka dukani na shali mpya, akamfunika mwanangu, akarudi ndani bila neno.

— Tatizo ni yule mama aliyeosha vyombo, alisema Spika. Akimsema vibaya huko kanisani kwao, nani atampa kazi tena?

Hakumaliza vizuri, mama mmoja akafika na hotpoti iliyofungwa kwa kanga. Luka aliyekuwepo kwenye sherehe akanong'ona:

— Ndiye huyo. Mama Bupe.

Spika akasimama kumpisha.

— Mama, tunakuomba radhi kwa niaba yake.

— Radhi ya nini, baba? Vyombo viliisha. Kule jikoni tulicheka mpaka nikasahau kama mimi ni mkwe. Binti yangu anaolewa Desemba, na namtaka Yasinta huyuhuyu. Nimemletea makande, maana mtu mwenye aibu hali chakula. Kwake ni wapi?

Luka akanyoosha mkono kushoto, akaushusha.

— Si wewe unambeba kila jioni? Spika akamuuliza.

— Namshusha pale njia panda. Anasema panatosha.

— Kwangu ameshakuja mara nne, alisema Mzee Zablon polepole.

— Na kwangu, nikasema. Ila kwake sipajui.

Mama Bupe alitutazama mmoja mmoja, hotpoti mikononi, akisubiri.