Historia ya Fundi Hewa, Aliyepima Kabla ya Kuwasha

Ndugu waombolezaji, jamaa, majirani, na nyinyi wengine mliokuja kuangalia nani amekuja, historia hii inasomwa kwa niaba ya familia na shemeji wa marehemu, kaka wa mjane, mtu ambaye ameyashuhudia yote kwa macho yake mawili, isipokuwa kuzaliwa kwa marehemu tu, ambako msomaji alichelewa kwa miaka minane, na hata hapo alihadithiwa na mkunga mwenyewe, kwa hiyo ni kama alikuwepo, na mwenye shaka aimeze kwanza mpaka tumalize kuzika.

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Hewa mkidhani mnamtukana, alizaliwa tarehe 9 Juni 1962, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha petroli, akiwa mtoto wa nne wa dereva wa lori la maji, na mkunga alisema kwamba mtoto huyo hakulia papo hapo kama watoto wenu, alivuta pumzi kwanza, akatulia nayo, akaridhika, ndipo akaanza kelele.

Alianza shule ya msingi Januari 1970, ng'ambo ya reli, akaendelea na masomo hadi chuo cha ufundi, alikohitimu umeme wa magari Novemba 1981, na huko walimu hawakumpenda, maana kila alipokabidhiwa kifaa cha kupimia aliuliza, "Hiki kinadanganya kwa kiasi gani, mwalimu?", swali ambalo lilimpatia adhabu ya kufagia karakana kwa muhula mzima. Msomaji wenu hakufika chuo, aliishia darasa la sita, kwa kuwa shule ilikuwa imeishiwa cha kumfundisha.

Kuhusu kazi, marehemu aliajiriwa mwaka 1982 katika karakana ya kampuni ya mabasi, akaacha mwaka 1994, akafungua gereji yake, hii hii ambayo uani kwake mmekaa leo kwenye viti vya kukodi, mkikanyaga mafuta yake na kukunja pua. Alijikita kwenye magari ya tabo, na kwa faida ya wale ambao gari kwao ni kiti chenye redio, tabo ni feni inayosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini, na kwenye bomba la matawi linaloigawa hewa hiyo hukaa sensa ndogo, haizidi kidole gumba, kazi yake ni kuiambia kompyuta ya gari hewa imebanwa kiasi gani, ili kompyuta itoe petroli inayolingana, maana hewa ikijaa na petroli ikapungua, moto wa humo ndani huwa mkali mpaka pistoni zinayeyuka kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni.

Sensa hizo ziko za moja, za mbili na za tatu, yaani ya moja huishia kwenye hewa hii ya mtaani tunayovuta bure, ya mbili husoma hadi mara mbili yake, ya tatu hadi mara tatu, na marehemu alizoea kusema kwamba ya moja kwenye gari la tabo ni mlinzi anayejua kuhesabu mpaka kumi, wakiingia wezi ishirini atakuapia kwamba wameingia kumi, na ya tatu kwenye gari lisilofika hata mbili ni kupima chumvi ya mchuzi kwa mizani ya magunia ya saruji. Mafundi wenzake wa mtaa huu, ambao tunawaona hapa wamependeza kwa suti za kuazima, walichagua sensa kama watu wanavyochagua kofia, kisha wakarekebisha gari kwa masikio, wakiinamisha vichwa kwenye boneti kama wanaoteta nalo.

Yeye alikuwa na desturi moja, na kwa desturi hiyo alichekwa miaka thelathini. Kabla hajawasha gari lolote, alizungusha ufunguo nusu, injini ikiwa kimya, kwa sababu injini ikiwa kimya hewa iliyo ndani ya bomba ni hii hii ya mtaani, basi sensa ikiwa ya kweli na kompyuta ikiwa imefundishwa sensa hiyo, kwenye kioo kidogo cha kusomea kompyuta lazima ije namba ile ile ya kipimahewa chake cha ukutani, ambayo hapa kwetu ni kama mia moja. Akamwita mwenye gari, akamwambia, "Soma, bosi, kwa sauti," na bosi awe nani, awe na cheo gani, alisoma, au aliondoka na gari lake.

Alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985 na dada wa msomaji, fundi cherehani, ambaye marehemu alikwenda kwake kushona suruali moja, na akaona futi yake ya kupimia imekatika inchi ya mwanzo, akamuuliza kwa dharau kama anajua kwamba futi yake inadanganya, naye dada akamjibu bila kuinua macho, "Najua, inadanganya inchi moja, huwa naipunguza, simama wima," na mwanamume akasimama wima tangu siku hiyo. Walijaliwa watoto wawili, wa kiume anayeuza bima, tumsamehe, na wa kike, aliyezaliwa mwaka 1993, ambaye alirithi mikono ya baba na ulimi wa mama, na ndiye aliyekuwa aachiwe gereji.

Hapo ndipo anapoingia Muuza Vigae, mnamjua, vyoo vyenu vyote ni vyake. Agosti 2021 alileta gari jekundu la tabo, marehemu akamchagulia sensa ya mbili, akaifundisha kompyuta, akamwita asome, naye akasoma "mia moja" huku akitafuna kijiti cha meno, akaondoka. Baadaye akasikia kwenye kibanda cha kahawa kwamba mwenzake anatumia ya tatu, na msomaji wenu alikuwa amekaa papo hapo kwenye tairi bovu alipomsikia akiwaambia wenzake, "Tatu si zaidi ya mbili, au nyinyi hamkusoma?", akaenda akainunua, akaifunga mwenyewe, maana umbo ni lile lile, plagi ni ile ile, skrubu ni ile ile, ila kompyuta hakuiambia kitu. Matokeo yake kompyuta, ikidhani bado ni ile ya mbili, ikasoma theluthi mbili tu ya hewa, kwenye mia moja ikaona sitini na saba, ikaamini kwamba gari liko kwenye kilele cha mlima mrefu ambako hewa ni haba, ikabana petroli, na mheshimiwa akapanda kilima cha tangi la maji amekanyaga mpaka mwisho, akashuka akivutwa kwa kamba, pistoni mbili zimeyeyuka.

Mtu mwenye haya angenyamaza, lakini huyu alisimama kwenye lango lile pale akatangaza, "Huyu mzee anabahatisha, ya tatu aliiweka yeye," na kwa kuwa mtaa huu humwamini mtu kwa ukubwa wa lango lake, mlimwamini, hata mliorekebishiwa magari hapa na yakawafikisha mlikokwenda. Binti alifungua kibweta cha dashibodi akaikuta ile ya mbili imeviringishwa kwenye karatasi ya chooni, Muuza Vigae akasema hiyo ilikuwa ya akiba, na wateja wakahamia kwa mafundi wa masikio. Marehemu hakudai kitu, alituma ujumbe ule ule tena na tena, gari lako liko hapa chini ya turubai, njoo uzungushe ufunguo nusu, usome namba kwa sauti mbele ya watu, ikija mia moja sensa ni yangu, isipokuja imebadilishwa baada yangu, basi, ili binti yangu asirithi gereji ya mbahatishaji. Muuza Vigae akajibu kwamba hana muda wa kusomeshwa.

Marehemu alianza kuugua moyo Mei 2023, akalazwa mara mbili, na huko wodini aliwasumbua wauguzi, kila walipoleta mashine ya kupima presha aliuliza, "Sista, kabla hujanifunga, inasoma ngapi?", na siku sista alipomwonyesha kwamba inasoma sifuri sawasawa, alisikitika sana, akasema kwamba mashine yenyewe haihesabu hewa ya mtaani, kwa hiyo si ajabu, kazi yake ni nyepesi. Jioni ya mwisho Muuza Vigae alikuja, amebeba mfuko wa machungwa, akasimama miguuni pa kitanda, akasema, "Mzee, ni mimi niliyeibadilisha," na marehemu akafumbua jicho moja akamwambia, "Soma tena, bosi, kwa sauti," akasoma tena, na mgonjwa akalala. Alifariki tarehe 2 Februari 2024, alfajiri, ameshikwa mkono na mkewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa uvumilivu wao wa kuulizwa, majirani waliotoa maji na viti bila kusubiri kuombwa, wauza magodoro wa jirani waliozima redio zao za kuitia wateja tangu juzi, na mafundi wenzake wa mabasi, ambao ni wao peke yao walioendelea kuleta magari yao hapa na kusoma kwa sauti. Wengine tunawashukuru kwa kuhudhuria.

Kabla hatujamwambia alale, dada wa msomaji anamtazama msomaji kwa jicho lile la inchi moja, kwa hiyo kuna jambo dogo la kupunguza. Yote mliyoyasikia ni kweli tupu, isipokuwa ile jioni ya mwisho. Muuza Vigae hakuja. Machungwa aliyanunua msomaji, akayala msomaji, na marehemu alikata roho uso wake ukielekea mlangoni, akimngoja, na binti anajua, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimgeuza. Msomaji aliitunga jana akiwa ameketi juu ya boneti la gari jekundu, na hajutii sana, kwa sababu Muuza Vigae yuko mstari wa pili, na miwani yake myeusi, jeneza bado liko mbele yetu, gari liko chini ya turubai lile, sensa ya tatu iko mahali alipoifunga, na binti ameichaji betri asubuhi. Ni ufunguo nusu tu, bosi, injini usiiwashe. Na wewe shemeji, pumzika, usiharakishe kwenda, sisi tumekaa kimya tunasikiliza.