Bwana Lebo Anaondoka, Ulinzi Unabaki

Baada ya miaka thelathini na mmoja, Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, fundi wetu wa seva ya barua pepe anastaafu. Wengi tunamwita Bwana Lebo. Amechoka, na ana haki ya kuchoka.

Aliingia kama karani wa barua za karatasi. Kompyuta zilipokuja akahamia huko, chumba kikabaki kilekile: mlango wa pili baada ya ngazi, feni inayolalamika, kiti kilichofungwa kwa utepe. Humo ndimo alimoandika sheria za kubana programu za seva. Inayopokea barua ipokee tu. Inayozipanga kwenye masanduku ipange tu. Kila programu ina lebo, yaani alama inayoitambulisha kwa seva, kila faili lina lebo, na kisichoruhusiwa kwa maandishi kimekatazwa. Mwizi akiingia kupitia barua mbovu, anaishia pale pale alipoingilia.

Nilipoanza kazi chini yake mwanangu alikuwa na miezi mitano, na usingizi nilikuwa nausikia kwa majirani. Asubuhi moja nilihamisha masanduku ya watu mia mbili kutoka folda yangu kwenda kwenye seva. Sikujua kwamba faili likihamishwa huja na lebo ya lilikotoka. Programu ya kupanga barua ikagoma kuyagusa. Simu zikalia kila meza. Mkuu wa ofisi akaja mwenyewe na kuamuru sheria zizimwe, watu wapate barua zao. Nikajua kibarua changu kimeota nyasi.

Bwana Lebo hakuzima kitu. Alivua miwani, akafikicha macho, akasoma orodha ya makatazo ambayo seva hujiandikia, mstari kwa mstari. Kisha akayapa masanduku lebo sahihi kwa amri moja. Barua zikaingia. Mkuu alipouliza nani kaharibu, alijibu kwamba ni kosa la chumba chetu. Mimi akaniambia niende nikamnyonyeshe mtoto, nikirudi niandike hatua zote nisije nikasahau.

Niliziandika. Bado ziko ukutani, karatasi ina doa la maziwa pembeni.

Juzi mkuu aliniuliza kama Jumatatu tutazizima zile sheria, maadamu mzee hatakuwepo. Nilimwambia hapana, mkuu, nikamwonyesha karatasi ile, jinsi barua zilizokwama zinavyofunguliwa bila kuzima kitu. Akaisoma hadi mwisho, akasema basi ziache.

Baba, asante kwa kunifichia aibu na kunifundisha kazi. Lala mpaka jua likuamshe. Zamu yako tumeipokea. Tunakuombea siku nyingi, nyepesi, zisizo na simu hata moja kutoka kwetu.